Upepo Unatokea Wapi? Maneno yangu kwa wenzangu tunaolala na mashine

Wengi mlinipigia simu mkisema hamkuweza kufika Tanga Jumamosi, kwenye kikao chetu sisi tunaolala na mashine ya kusaidia kupumua, nilipozungumza habari za macho. Haya hapa maneno yote, kama mjukuu wangu alivyoyanakili kutoka kwenye simu yake. Picha zilizoonyeshwa ukutani nimeziacha. Zilikuwa macho mekundu matupu, na macho mekundu mnayajua.

Asalaam aleikum. Tumsifu Yesu Kristo. Bwana Yesu asifiwe. Na ambao sikuwagusa, hamjambo? Wazee wangu mlioketi mbele, shikamooni.

Nianze na swali, na mnijibu kwa ukweli, sitamsema mtu kwa mkewe. Nani hapa mashine yake iko juu ya kabati? Inueni mikono. Mmoja. Wawili. Watano. Yule baba wa nyuma anainua nusu mkono, mke wake kakaa pembeni. Asanteni.

Imefikaje juu ya kabati? Nasikia: kelele. Nasikia: umeme. Nasikia mtu anasema anafanana na rubani. Sawa. Na wangapi waliipandisha kule kwa sababu ya macho? Aa, oneni sasa hiyo mikono.

Basi leo ni macho tu. Hayo mengine siku nyingine.

Kazi yangu ilikuwa macho. Miaka 31 nimekuwa muuguzi wa macho, nimeanzia Kongwa, kule Dodoma, wakati ugonjwa wa vikope unawasumbua watu kijiji hadi kijiji, nikamalizia huku pwani. Na sasa ni mwaka wa nne nalala na mashine ya CPAP, hii ambayo sisi wenyewe tunaiita sipapu. Kwa mliowasindikiza waume zenu na hamjaelezwa: mashine inavuta hewa ya chumbani, inaisukuma kwenye mrija mpaka kwenye maski, ili koo lisijifunge mtu akilala. Bila hiyo mtu anakoroma, anakoroma, halafu kimya. Pumzi imekatika. Kisha anashtuka kama aliyetolewa majini. Kile kimya mnakijua? Wake za watu wanakijua kuliko wagonjwa.

Aliyeibuni ni daktari wa Australia, Colin Sullivan, mwaka 1980, kule Sydney. Alianza na mota ya aina inayotumika kwenye mashine ya kufyonza vumbi. Maski za mwanzo zilikuwa zinabandikwa puani kwa gundi ya silikoni, kila usiku, na asubuhi zinabanduliwa. Na kabla ya hapo, mgonjwa aliyezidiwa dawa yake ilikuwa kutobolewa koo. Kwa hiyo mkiniambia mkanda unabana nitawasikiliza, lakini moyoni nacheka kidogo.

Turudi machoni. Mtu akiwa macho, anapepesa kama mara 15 kwa dakika. Kila kupepesa ni kupaka machozi upya juu ya jicho, kama mtu anayepitisha kitambaa chenye maji juu ya kioo. Ukilala, hakuna kupepesa. Na machozi yenyewe usingizini hutoka kidogo mno. Kinga iliyobaki ni moja tu, nayo ni kope lililofumba vizuri.

Kongwa kuna upepo. Aliyekaa kule anaujua, upepo na vumbi lake. Lakini mtu wa Kongwa upepo ukivuma hugeuza uso, hufumba macho, mama hujifunika khanga. Sisi tunapulizwa tumelala. Hatugeuki, hatupepesi, hatuna khanga. Kwa muda wa saa sita au saba, upepo mwembamba kama wa sindano, kwenye jicho lile lile. Asubuhi unaamka unasema nimeingiwa na mchanga, macho yanachonyota, yamekuwa mekundu kama ya mvuvi aliyekesha baharini.

Na unafanya nini? Unakwenda duka la dawa. Unaomba tone. Ndipo tunapokosea. Swali la kwanza si "nitie tone gani?" Swali la kwanza ni: upepo unatokea wapi? Nitalirudia mpaka mchoke. Upepo unatokea wapi?

Niwaambie aibu yangu mwenyewe. Nilipopewa mashine, wiki ya pili tu macho yakaanza kuwasha. Mimi, muuguzi wa macho! Nikajitibu kama mtaalamu. Nikasema ni mzio. Nikanywa piritoni. Kumbe dawa za mzio na mafua za aina ile zinakausha machozi, kwa hiyo nikawa naongeza kuni motoni. Nikasema ni umri. Nikatia machozi ya dukani, yale matone ya kulainisha macho, yakanipoza mpaka saa tano usiku, asubuhi yale yale.

Mjukuu wangu alikuwa likizo kwangu, ana miaka 7, analala kitanda cha pili chumbani mwangu. Asubuhi moja ananiuliza, "Bibi, mbona usiku nywele zako zinapepea, na pangaboi limezimwa?"

Zinapepea wapi? Akanionyesha. Hapa, juu ya nyusi, upande wa kulia.

Miaka 31 ya kazi, na mtoto wa darasa la pili ndiye aliyeuona upepo unatokea wapi. Ulikuwa unatokea kwenye mwanzi wa pua. Pale maski inapopanda kati ya macho mawili ndipo pagumu kuziba, maana pua zetu si za kiwanda kimoja. Maski nyingi umbo lake linafaa uso ambao si wa bibi yako wala wangu. Pakibaki mwanya wa unene wa kucha, hewa yote inayotafuta pa kutokea inapita hapo, na jirani yake wa kwanza ni jicho.

Wahenga wamesema kuvuja kwa pakacha nafuu kwa mchukuzi. Pakacha, ndugu zangu. Si maski.

Nilifanya nini baada ya kuambiwa? Nilifanya kile ambacho kila mmoja wenu amefanya. Nilikaza mkanda. Nikakaza mpaka asubuhi nina mfereji shavuni kama mtu aliyelalia kamba ya jahazi. Na upepo ukazidi! Kwa nini? Kwa sababu ule mpira laini wa maski umetengenezwa uvimbe kwa hewa, ujilaze usoni wenyewe. Ukiukandamiza unakunjamana, na kila kunjo ni mlango. Mikanda inatakiwa ishike, isinyonge. Ukishindwa kupitisha kidole chini ya mkanda, umeshakaza mno.

Kosa langu la pili lilikuwa kujivika maski nimekaa kitandani, mashine imezimwa, kisha nalala. Uso wa mtu aliyekaa si uso wa mtu aliyelala. Mashavu yanashuka pembeni, ngozi inahama. Maski iliyokaa vizuri ukiwa umekaa, ukilala inaachia. Vaa, lala chali, washa mashine, acha hewa ifike nguvu yake ya kawaida, ndipo uinue maski kidogo mbele ya uso, uirudishe taratibu ijikalie, kisha ulegeze au ukaze kidogo kidogo, kulia na kushoto sawa. Halafu geukia ubavu unaolalia, ukapime tena. Kupima si kwa kubahatisha: lowesha nyuma ya kiganja chako, kipitishe polepole kuizunguka maski yote, hasa karibu na macho. Ngozi yenye maji inasikia hata upepo wa chini ya mlango.

Na kosa la tatu, hili ni letu sisi wanawake wa pwani. Nani hapa analala bila kujipaka mafuta? Ya nazi, ya mgando, yale ya kwenye kopo la bluu? Mnaona mnavyocheka. Silikoni na mafuta havishikani. Maski inateleza usiku kucha kama ndizi kwenye sinia. Osha uso kwa sabuni kabla ya kulala, ukaushe, mafuta paka asubuhi. Na ule mpira uoshe kila siku kwa maji ya uvuguvugu na sabuni laini, maana hata usipojipaka, uso wenyewe una mafuta yake. Ukichafuka hauzibi, na uchafu wake unapulizwa jichoni. Wanaoamka na tongotongo nzito za njano, waanze kwa kuukagua mpira wa maski. Na ukishakuwa mgumu au umebadilika rangi, umezeeka. Najua bei yake, najua wengine tunaagiza kwa mtu anayesafiri. Lakini kununua mpira mpya ni afadhali kuliko kununua matone kila wiki.

Baadaye nilibadilisha kabisa, nikachukua maski ya vijipira viwili vinavyokaa mlangoni mwa tundu za pua. Haigusi mwanzi wa pua hata kidogo. Si ya kila mtu, wanaopumulia mdomo inawashinda, lakini kwa macho yangu ilikuwa ukombozi.

Hapa niseme jambo kwa haraka. Maski zote zina matundu madogo ya makusudi, yanatoa ile hewa uliyokwisha kuipumua. Yanapiga mluzi. Msiyazibe! Nimekutana na mzee mmoja kayaziba kwa plasta ya kidonda, anasema ameziba uvujaji. Hapana. Hayo ni ya kukuweka hai. Kama matundu hayo yanapuliza kwenye mto na upepo unarudi jichoni, au unampiga mwenzako, geuka wewe au usogeze mto. Kuna mama hapa aliniambia anayewashwa macho si mume wake mwenye mashine, ni yeye anayelala naye uso kwa uso.

Sasa. Umepima kwa kiganja, maski haivuji, mkeo kamulika kwa simu haoni nywele zinazopepea. Na macho bado. Upepo unatokea wapi?

Kuna dereva wa lori aliyenijia miaka miwili iliyopita, alipata habari zangu kwa jirani. Akakaa kimya muda mrefu. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Mama, jicho langu linapumua." Nikamwambia eleza. Akasema usiku, mashine ikiwa inafanya kazi, kwenye kona ya jicho karibu na pua anasikia kitu kinatoka, pf, pf, pf, na povu dogo la machozi. Nyumbani walishaanza kuzungumzia majini. Shangazi alishataja mganga, na jogoo wa rangi maalumu.

Ndugu zangu, hakuna jini. Mtu akilia, kwa nini pua inatoka kamasi? Ukitia tone jichoni, kwa nini baada ya dakika unasikia uchungu kooni? Kwa sababu kuna njia. Kwenye kona ya ndani ya kila jicho kuna vitundu viwili vidogo, kimoja kope la juu, kimoja la chini, vinapeleka machozi kwenye mfereji unaoshukia puani. Njia hiyo kwa kawaida ni ya kushuka, ina vali zake za kuzuia. Lakini vali za wengine ni legevu, na mashine inasukuma hewa puani kwa nguvu kati ya 4 na 20, kwa kipimo cha sentimita za maji. Hewa ikikuta mlango haukufungwa sawasawa, inapanda. Waliowahi kufanyiwa upasuaji wa kufungua njia ya machozi hupatwa zaidi, maana njia yao ni pana.

Dereva wangu alikuwa kwenye 16. Hakuhitaji jogoo. Alihitaji kurudi kwa waliompangia mashine, wakaangalia kumbukumbu zake, wakaona anaweza kushushwa kidogo bila pumzi kuanza kukatika. Nasema wakaona wao. Msiende nyumbani mkashusha wenyewe, mkarudia kukoroma mkasema ni muuguzi wa Tanga katuambia. Ikishindikana kushusha, daktari wa macho ana njia zake, kuna vijizibo vidogo mno vya kuwekwa kwenye vile vitundu. Yule bwana bado anaendesha lori, na usingizi barabarani haumkamati tena.

Kuna na upepo ambao hauhusiani na mashine hata kidogo. Kuna watu wanalala macho hayajafumba. Mnawajua, mnawacheka: "huyu analala kama sungura." Mstari mwembamba tu wa weupe unabaki wazi. Waliopata makovu ya vikope zamani wamo kundi hili, na waliopooza upande wa uso. Huyo hata pangaboi linamtesa, hata kiyoyozi. Mwenzako akumulike saa nane usiku, akutazame. Ni kazi ya mapenzi, msikasirike.

Na wapo wenye kope legevu. Mwaka 1981 madaktari wawili wa Marekani, Culbertson na Ostler, waliandika kuhusu wanaume wanene ambao kope zao za juu zilikuwa laini kama mpira, ukizivuta zinapinduka zenyewe. Mtu akilala ubavu, mto unalipindua kope, na jicho linasuguliwa na foronya mpaka alfajiri. Mwaka ule ule, 1981, Sullivan na wenzake ndipo walipochapisha habari za mashine yao. Watu walikuja kugundua baadaye kwamba wale wenye kope legevu na wale wanaokata pumzi usingizini mara nyingi ni watu wale wale. Yaani mtu anaitupia mashine lawama, kumbe jicho lilikuwa linaumwa hata kabla ya mashine!

Dalili yake ni nini? Jicho la upande unaolalia ndilo baya zaidi. Mzee mmoja wa hapa Tanga jicho lake la kulia lilikuwa jekundu miaka. Nikamuuliza, unalalia wapi? Kulia. Nikamshika kope, likapinduka kabla sijamaliza bismillahi. Anayejikuta hivyo amwone daktari wa macho. Kuna ngao ya jicho ya kuvaa usiku, kuna kulala chali, kuna upasuaji mdogo wa kulikaza kope. Wengine hupata nafuu kwa kuitumia tu mashine kila usiku, kwa sababu hawabiringiki tena kutafuta pumzi.

Basi tufike kwenye matone, maana naona mnayangoja.

Machozi ya dukani ni mazuri. Yawe ya kulainisha tu, na kama unatia zaidi ya mara nne kwa siku tafuta yasiyo na kemikali ya kuhifadhi, maana kemikali hiyo nayo hukwaruza. Usiku kuna marhamu au jeli nzito ya macho, inakaa muda mrefu. Tia kidogo sana ndani ya kope la chini, dakika kumi kabla ya maski, futa kinachomwagika, la sivyo tumerudi kwenye habari ya mafuta na kuteleza. Itatia ukungu, usishtuke, utakwisha asubuhi.

Lakini mkienda dukani mkasema "macho mekundu", mara nyingi hampewi hayo. Mnapewa la kuondoa wekundu, ambalo likiisha nguvu wekundu unarudi mara mbili. Au mnapewa lenye steroidi, dawa kali ya kutuliza uvimbe. Deksamethasoni. Someni jina hilo kwenye kichupa, hata kwa miwani ya jirani. Linafanya kazi haraka, ndiyo hatari yake. Nilimhudumia mwalimu mmoja, alipewa hilo na muuzaji wa duka, siku mbili macho meupe kama karatasi. Akalipenda. Akawa analinunua mwenyewe miezi minane. Alipokuja kwetu alisema anaona kama anachungulia kwenye bomba. Presha ya macho ilikuwa imepanda bila maumivu yoyote, mshipa wa fahamu wa jicho umeshaliwa. Mshipa huo hauoti tena, ndugu zangu. Tulichoweza ni kulinda kilichobaki.

Na maziwa ya mama, asali, chai ya rangi, mate ya asubuhi? Nimeviona vyote, na vidonda vyake nimeviosha kwa mikono hii. Hapana. Wanja nao uoshwe kabla ya kulala.

Wenye presha ya macho, mwambieni daktari wenu wa macho kwamba mnalala na mashine. Na yeyote ambaye jicho linamuuma sana, mwanga unamchoma, haoni vizuri ghafla, au ameona doa jeupe kwenye kioo cha jicho, asipime maski wala asingoje kikao kijacho. Hospitali siku hiyo hiyo.

Nimesema sana na jua linapanda. Nimewaomba wenyeji watandike mikeka pale nyuma, na soketi za umeme zipo nne. Walioleta mashine zao wazilete. Ndoo ya maji na sabuni iko mlangoni, kila mtu aoshe uso kwanza, na nyinyi akina mama nawaona, osheni vizuri. Mtalala chali, mtawasha, na aliyekusindikiza ataloanisha kiganja atafute upepo unatokea wapi. Tuanze na baba yule aliyeinua nusu mkono. Mama, mshike mkono umlete, na mashine ukaishushe leo leo kabatini.